Mwisho wa Nisubiri Zuzu

Dodoma,
12 Mei 1991

Kwa mke wangu mdogo Salwa,

Salaam zikufikie huko Morogoro kwenye milima na mvua zenu. Mimi mumeo ni mzima kama jiwe, meno yaliyobaki yanatosha kula kashata. Bibi yako Stara naye mzima, mguu tu unamsumbua. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni wivu, maana huo mguu huanza kuuma nikishika kalamu kukuandikia wewe mke mwenzie. Mama yako Sabiha hajambo, yuko stesheni na kapu lake la karanga na zabibu, treni ikiingia utadhani yeye ndiye aliyeiita. Mbuzi kazaa mapacha. Mvua zimekatika mapema, uwele wa watu umeinama kama una aibu. Yule kijana Anuari alipita hapa na lori lake akielekea Singida, akanisalimia kwa heshima sana, heshima ya mtu anayetaka kitu. Yeye sikumwuliza. Nakuuliza wewe.

Sasa sikia kilichonikalisha chini. Juzi kijiweni kwangu alikuja kijana na begi, anauza vijitabu vya mapenzi. Hawa watu wangu, wanaokunywa kahawa yangu na kusikiliza hadithi zangu bure miaka yote hii, wakatoa hela wakanunua! Hata Paskali fundi cherehani, ambaye ukimwomba sindano anakuazima uzi. Nikamwambia, Paskali, hebu nisomee. Akasoma. Salwa, kitabu kibaya! Ukurasa wa kwanza wanapendana, wa pili wanalia, wa tatu wanalia tena. Hakuna anayekula humo ndani. Hakuna anayekohoa. Nikauliza, hawa watu wanaishi kwa machozi?

Mimi, Mrisho, niliyemfukuza simba kule Chamwino kwa birika la kahawa! Mimi niliyesimulia ile ya bibi harusi wa Kondoa mpaka askari aliyekuja kututawanya akavua kofia akaomba kikombe! Ndiyo niuze kahawa wengine wauze maneno? Siku hizi kila kitu ruksa. Watu wanauza mitumba, wanaonyesha video kwenye mabanda. Basi na mimi nimekuwa mwandishi wa vitabu, tangu juzi saa kumi alasiri.

Kitabu kinaitwa Nisubiri Zuzu. Kuna msichana anaitwa Ursula, anauza karanga stesheni ya Zuzu. Kuna bwana wa kwenye treni, anachungulia dirishani, ananunua karanga, moyo unamruka. Anamwambia, nisubiri hapahapa Zuzu, nikirudi kutoka Kigoma nakuoa. Treni inaondoka. Ursula anasubiri. Nimefika hapo.

Wewe unapiga taipu kwenye kiwanda cha chapa. Mimi nitaandika, wewe utapiga, tajiri wako atachapa, na kuuza nitauza mwenyewe kwa mdomo huu huu. Na kazi yangu ina kipimo, si ya kubahatisha. Nikimaliza sura naisimulia kijiweni huku nawamiminia. Wakinywa, sura mbaya, nafuta. Wakisahau kunywa mpaka kahawa ikapoa mkononi, sura imepita.

Usicheke. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima kiko ukutani mpaka leo. Bibi yako amekitundika penye ufa.

Mumeo anayekukumbuka kuliko hao vijana wa malori,
Mrisho

*

Morogoro,
3 Juni 1991

Shikamoo babu, mume wangu mzee uliyenioa bila mahari,

Barua yako imenikuta mzima. Huku mvua haijui kukatika, nguo zinakauka siku ya tatu. Mpe bibi shikamoo, mwambie achue mguu kwa mafuta ya nazi na asikusikilize. Mama mwambie shikamoo, namtafutia kanga ya maana, atulie.

Nimesoma habari ya kitabu nikacheka hadi tajiri akatoka ofisini kuuliza nina nini. Nikamsomea kipande cha simba na birika. Akasema huyu mzee ana mdomo, alete. Babu, anasema kweli. Ila anachapa tu, hatakuuzia, na karatasi utajitafutia mwenyewe, maana huku zikipatikana leo kesho hazipo. Tutadurufu kwa stensili, tutakunja, tutapiga pini. Jalada utafute mchoraji huko huko.

Masharti yangu mimi mpiga taipu ni haya. Andika upande mmoja wa karatasi, kalamu yako inatokeza nyuma. Usiandike pambizoni, ile sura ya kwanza iliyonifikia jana imeanza kwenye kona kama panya. Na lililo kubwa: mwisho usiusimulie kijiweni! Ukiwapa mwisho bure nani atanunua kitabu? Funga mdomo. Najua nakuomba kitu ambacho hujawahi kukifanya.

Madaftari mpe Yotham, yule gadi wa treni, ananifahamu.

Kuhusu Anuari, mwaka huu nyanya zimeshuka bei sana hapa Morogoro.

Mkeo mdogo,
Salwa

*

Dodoma,
9 Agosti 1991

Mke wangu wa nyanya,

Habari za nyanya nimezipata. Nimemweleza bibi yako, akasema hata yeye alipokuwa anataka kuolewa na mimi alikuwa anazungumza sana habari za mtama.

Sisi wazima. Upepo wa mwezi huu unaokota vumbi lote la Dodoma unatuletea mezani. Mbuzi mmoja katika wale mapacha kafa, mwingine ana kiburi. Mama yako hajambo, ila siku hizi kapunguza maneno. Kapu lake kalihamishia Msalato mnadani, anasema stesheni kuna vumbi. Bibi yako mguu umepona, umehamia kiunoni.

Haya, tuje kwenye uandishi. Madaftari yenye sura sita unayo sasa, najua yamechelewa. Yotham aliyachukua, halafu akapewa likizo siku hiyo hiyo, akaenda nayo kwao Tabora. Amerudi nayo yana mafuta ya samaki. Namwuliza, Yotham, umesoma? Anasema, mzee, tumesoma nyumba nzima, mama mkwe anauliza bwana anarudi lini.

Salwa, mji umeshikika! Jioni kijiwe kinajaa mpaka barabarani. Wanaume wazima wenye wajukuu wanashika kikombe, wanafungua mdomo, kikombe hakifiki. Kahawa inapoa, naimwaga, namimina nyingine, nayo inapoa. Uandishi huu utanifilisi kwa kahawa kabla hata haujanitajirisha. Sura ya nne, pale Ursula anapoinua kapu treni ya usiku inapita bila kusimama, Paskali alitoa leso. Ile leso ilikuwa ya mteja, aliipiga pasi akairudisha.

Jalada tayari. Nimempa yule mchora vibao vya saluni. Nilimwambia anichoree msichana wa Zuzu mwenye kapu, kachora yule yule mwanamke wa kwenye kibao cha saluni, nywele za kalikiti, hereni kama bangili, kapu kamning'inizia kama pochi. Nikamwambia huyu hajawahi kuuza karanga. Akasema, mzee, mimi nina uso mmoja tu wa kike. Tumeuchukua.

Karatasi nimepata kwa Mwarabu mmoja. Baiskeli imekwenda. Bibi yako anasema baiskeli ile ndiyo iliyomfuata yeye kumchumbia, kwa hiyo nimeuza mshenga.

Mwisho sijawaambia. Naumwa, Salwa. Tumbo limejaa mwisho. Wananifuata mpaka msikitini, mzee, bwana anarudi? Nimeuma ulimi mpaka umeota sugu. Sura zilizobaki Yotham anakuletea Jumatatu, na ya kumi na mbili, ya mwisho, nimeishona kwenye mfuko wa kitambaa ili mama mkwe wake asiifikie. Humo bwana anarudi. Suti nyeusi, viatu vinalia kwa'kwa'kwa', Ursula kakaa palepale na kapu lake miaka ishirini, wanakumbatiana, stesheni nzima inalia hata mbuzi. Lini kinatoka?

Mrisho, mwandishi

*

Dodoma,
20 Septemba 1991

Salwa,

Sisi wazima, zabibu zimeiva, Maulidi ni kesho. Sijapata jibu. Nadhani Yotham kapewa likizo nyingine. Paskali anasema labda kitabu kimekuliza mpaka kalamu ikaloana. Nimemwambia ndivyo. Andika hata mstari.

Babu

*

Dodoma,
27 Oktoba 1991

Salwa mjukuu wangu,

Nimeonana na Yotham. Anaapa kwa watoto wake kwamba mfuko wa kitambaa alikukabidhi mkononi, ukaushika, ukasema asante, ukaingia ndani. Na mimi nakwenda stesheni kila treni ya kutoka Morogoro ikiingia. Nimekuwa kama kituko, nasimama na birika, watu wanadhani nauza, wananipa hela ya kahawa nami sina kahawa. Nimewahi kukaa siku saba juu ya mti nikimkimbia kifaru, sikuhangaika hivi.

Kama ni mgonjwa sema. Kama ni tajiri sema. Kama ni Anuari, sema nimpige mimi, bado nina mkono mmoja mzuri.

Bibi yako anakusalimu. Mama yako naye, nadhani, sikumwuliza.

Babu yako

*

Morogoro,
15 Novemba 1991

Shikamoo babu,

Sijaumwa. Mpe bibi shikamoo, mama mpe shikamoo, hiyo usidhani, mpe.

Nimekaa kimya kwa sababu kila nikianza barua naishia kuandika maneno ambayo mjukuu hamwandikii babu yake. Leo nitajaribu kuyapunguza makali.

Sura tatu za kwanza nilipiga nikicheka. Sura ya nne Ursula anapima karanga kwa kopo la maziwa lililopinda mdomo, halafu anaongeza chache kwa vidole vitatu, akisema "na za njiani." Hapo mikono yangu ikasimama juu ya mashine. Babu, lile kopo nimelichezea. Zile za njiani nimezisikia tangu sijaota meno. Umebadilisha jina, umebadilisha dini, umehamisha stesheni ukaipeleka Zuzu, halafu ukamwachia mama yangu kopo lake mkononi! Ulidhani nani hatamjua? Na bwana wa treni wa kwenda Kigoma, huyo naye si baba yangu?

Halafu nikarudi kuisoma barua yako ya Agosti. Umeandika mama kahamia Msalato kwa sababu ya vumbi. Stesheni ya Dodoma ina vumbi tangu Mjerumani alipoweka reli, mama amelimeza miaka ishirini na mbili hajahama. Mnadani Msalato hakuna vumbi? Ng'ombe wanatembea hewani? Kuna mtu alimwambia nini pale stesheni, babu? Unajua, na hukuandika.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa mdogo, mama akinichukua stesheni, yeye alikuwa akitazama mikono inayotoka madirishani. Mimi nilikuwa natazama pua. Nilikuwa natafuta mtu mwenye pua yangu. Kila treni. Nilidhani tunatafuta wote wawili, tumegawana kazi.

Sasa sura ya kumi na mbili iko mezani kwangu, mfuko haujafunguliwa ila najua kilichomo, umeniambia mwenyewe. Ukimrudisha huyo bwana na viatu vyake, mama atasimama pale mpaka afe. Ukimwacha asirudi, umemfanya mama kichekesho cha mji. Mimi sijui lipi ni baya zaidi, kwa hiyo silipigi lolote. Tajiri ananigombeza, anasema kazi imekaa, karatasi zako zinakula nafasi. Mwache agombe.

Nitapiga sura ya mwisho siku mama atakapokuwa ameisikia kwa masikio yake na amesema ndiyo. Mwalike kijiweni. Una kipimo chako cha kahawa, kamwekee kikombe.

Salwa

*

Dodoma,
1 Desemba 1991

Mjukuu wangu,

Sisi wazima.

Ursula ni Ursula. Makopo yaliyopinda yamejaa nchi hii. Mimi nimesimulia hadithi tangu mama yako hajazaliwa, hata siku moja sijaiba mtu, watu wenyewe ndio wanaokuja kuingia kwenye hadithi zangu bila kubisha hodi.

Na tena mama yako kijiweni haji. Mwanamke gani anakaa kijiweni kwa wanaume? Na tena ana kazi nyingi. Na tena anaamka mapema mnada wa Msalato. Na tena mvua imeanza.

Basi sawa. Kuna abiria, hadithi ilishawafikia kutoka kijiweni, walimwita mama yako Ursula pale stesheni. Mwanzo mmoja, halafu dirisha zima. Wakawa wanapiga kelele, Ursula, keshakuja? Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika langu, nikacheka, maana niliona jina nililolibuni limepanda treni, linakwenda mpaka Kigoma bila tiketi. Nilipogeuka mama yako alikuwa anafunika kapu. Hakunitazama. Kesho yake akaenda Msalato. Tangu hapo nyumbani ananipa chakula, ananipa maji ya kunawa, ananiambia baba shikamoo, na hakuna kingine.

Simba sikumwogopa. Huyu namwogopa.

Nitamwalika. Usinihimize.

Babu

*

Dodoma,
10 Januari 1992

Mke wangu mdogo,

Kaa chini. Kama tajiri yuko karibu mwambie atoke nje kwanza.

Sisi wote wazima, mvua nzuri, bibi yako kiuno kimepona na hajapata pa kuhamishia, anahangaika. Mbuzi mwenye kiburi tumemla.

Nilimwalika mama yako siku ya Alhamisi. Nilifanya mazoezi ya maneno siku nzima, nikafika jikoni nikasema, "Sabiha, leo jioni nasimulia mwisho." Akasema, "Najua. Paskali ameshanishonea gauni la kuja nalo." Salwa! Kumbe fundi yule hata leso hajui kuificha sembuse siri.

Jioni ile kijiwe kilifurika. Mama yako akaja na gauni jipya na kapu lake kichwani, watu wakampisha kama kaingia hakimu. Akakaa kwenye gogo langu mimi. Nikammiminia kikombe, ya kwanza ikamwagika chini. Ya pili ikaingia.

Nikaanza. Nilisimulia, mjukuu wangu, kama sijawahi. Treni nikaipigisha filimbi, viatu nikavipigisha kwa'kwa'kwa', suti nikaipiga pasi mbele yao. Bwana akashuka Zuzu, nywele nyeupe pembeni, akaita, Ursulaa! Nikaangalia vikombe. Vyote viko hewani. Paskali kikombe kimeinama kinamwagikia mapajani hata hana habari. Nikageuka kumtazama mama yako.

Anakunywa.

Anakunywa taratibu, anapuliza, anakunywa tena. Akamaliza mpaka machicha, akakigeuza kikombe akakiweka chini, kwaa. Wote wanakijua kipimo.

Nikasema, "Sabiha, mbona umekunywa?"

Akasema, "Ilikuwa moto, baba. Kahawa hunywewa ikiwa moto." Halafu akaniuliza, "Huyo bwana wako mpaka anarudi, Ursula ameshauza makapu mangapi?"

Nikasema, "Sijui."

"Karanga anazitoa wapi?"

"Sijui. Zuzu huko huko."

"Zuzu karanga za mwaka ule zilikuwa mbovu, alikuwa anafuata za Kondoa kwa lori. Zabibu je, nani alimfundisha kuzifungia kwenye majani zisinyauke?"

"Mwanangu, hii ni hadithi ya mapenzi."

"Basi humjui Ursula," akasema. Halafu akawageukia wale wanaume wote, akasema kwa sauti ile ile anayoitia bei. "Mwaka wa kwanza alingoja. Siwadanganyi, alingoja mpaka shingo ikamuuma. Kila dirisha. Mwaka wa pili akagundua kwamba wale watu wa madirishani wana njaa. Tangu hapo hakuwa anangoja mtu. Alikuwa anauza karanga. Na aliipenda ile kazi, treni ikiingia mwili unamsisimka, mikono ishirini inamwita kwa pamoja, naye ndiye anayechagua aanze na upi. Amesomesha mtoto mpaka amejua taipu. Nyie mkimwona anakimbilia treni mnasema maskini, bado anamngoja."

Paskali, mdomo wake huo usio na breki, akasema, "Sasa dada, mbona miaka yote hukusema?"

"Mliniuliza? Mlikuwa mmeshika kunihurumia, nikaona nisiwaharibie. Mama alikuwa ananiwekea paja la kuku."

Bibi yako alikuwa dirishani kwetu, hapo nyuma ya kijiwe, anasikiliza, nikamsikia anasema, "Alaa! Mwenzangu! Mapaja yote yale!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Nikamwuliza, "Basi kilichokuhamisha stesheni ni nini?"

Akasema, "Baba, tangu uanze hicho kitabu, wanakuja kunitazama, hawanunui. Mtu anatoa kichwa dirishani ananililia, treni inaondoka na karanga zangu ninazo. Umeniharibia soko."

Akasimama, akatia kapu kichwani. Alipofika barabarani akageuka. "Mwandikie Salwa. Mwambie aache kutafuta pua za watu. Nilikuwa namwona."

Hayo si yangu, ni yake, nimeyaandika kama alivyoyasema. Mimi nimesimulia miaka hamsini na huyo mtu nakula naye sinia moja.

Ule mfuko wa kitambaa uchome moto. Sura ya kumi na mbili mpya hii hapa, kurasa nne tu, upande mmoja, pambizo nimeziacha safi. Yotham yuko mlangoni ananihimiza.

Babu yako

*

Morogoro,
6 Februari 1992

Shikamoo babu,

Mimi mzima. Nimeipokea. Tajiri nilimtoa nje kweli.

Barua yako nimeisoma nikaiweka mezani, nikatoka nikatembea mpaka sokoni bila kununua kitu, nikarudi nikaisoma tena. Kumbe alikuwa ananiona. Miaka yote hiyo najibana nyuma ya gauni lake nikidhani nimejificha.

Sura ya kumi na mbili nimeipiga leo asubuhi, mkono haukusimama. Sijabadilisha neno, isipokuwa pale uliposema Ursula aliuza karanga "kwa ushujaa wa simba wa Chamwino." Huyo simba nimemtoa. Ana kitabu chake. Bwana anateremka Zuzu, anaita, na Ursula anamwambia, "Subiri kaka, naanza na wa dirisha la mbele." Babu, hapo nimecheka na nimelia, na chai yangu niliyopikiwa na mhudumu imepoa. Nakupa taarifa.

Tunadurufu wiki ijayo. Vitabu utavipokea kabla Ramadhani haijaanza.

Anuari alikuja Jumapili. Anataka kwenda kuendesha magari Uarabuni miaka mitatu, akaniambia nimsubiri. Nimemwambia hapa Morogoro mimi nina kazi, akirudi akanikuta bado nampenda tutaongea, akinikuta nimeolewa atakula pilau. Alikasirika, akaondoka, akarudi jioni na nyanya. Mengine sina.

Mwambie mama shikamoo. Mwambie kanga nimeipata. Na mwambie sasa natazama mikono.

Mkeo mdogo,
Salwa

*

Dodoma,
18 Aprili 1992

Kwa mke wangu mpiga chapa,

Idi ilikuwa nzuri, tulikula mpaka bibi yako akasahau anaumwa wapi. Mchele haukutosha, tukaongezea uwele. Wote tunakusalimu.

Vitabu vilifika na Yotham, maboksi mawili, kimoja kamchukulia mama mkwe wake lakini kalipa. Niliviweka kijiweni siku ya kwanza, nikapiga kelele kama mnadi. Unajua nani alinunua? Hakuna! Nimewapa hadithi yote kwa mdomo mwaka mzima, hata ule mwisho mpya, wao wenyewe walikuwepo. Paskali akakishika kitabu, akakigeuza, akasema, "Mzee, hiki mbona nimeshakinywa?" Nilikaa juu ya boksi langu, nikatamani baiskeli yangu.

Kesho yake asubuhi naamka, boksi moja halipo. Nauliza, bibi yako anatazama paa. Nikachukua birika nikaenda stesheni, kwani nimezoea sasa kuzunguka kule.

Mama yako alikuwa palepale penye nafasi yake, kanga yako mpya kiunoni. Kapu lina karanga upande mmoja, zabibu upande wa pili, na katikati vitabu vya Nisubiri Zuzu vimepangwa wima kama mikate. Treni ya Kigoma ikaingia. Salwa, mikono! Sijui kwa nini miaka yote hii sikuwahi kuitazama ile mikono. Inatoka yote kwa pamoja, inaita, na yeye anakimbia pembeni mwa behewa, anapima kwa lile kopo, anaongeza za njiani, anapokea, anarudisha chenji, anasukuma kitabu, hatazami uso wa mtu. Anayenunua kitabu anapata za njiani mara mbili. Mimi nimeuza kahawa miaka mingi, sijawahi kumwona mtu akiuza vile.

Mama mmoja wa dirisha la tatu akafungua jalada, akamtazama yule mwanamke wa saluni, akamtazama mama yako, akauliza, "Dada, huyu bwana mwishowe anarudi?"

Mama yako akasema, "Nunua usome. Treni inaondoka."

Akanunua. Treni ikaondoka. Mama yako akafunika kapu, akaja akakaa kando ya birika langu, akaanza kuhesabu chenji. Kitabu cha pili nimeshakianza, kuna bwana mmoja fundi cherehani mwenye leso, usimwambie Paskali.

Nilikuwa nimejimiminia kikombe treni ilipoingia. Nikakikumbuka wakati ule, kiko mkononi, nikakipeleka mdomoni. Kimepoa.

Mumeo,
Mrisho